Chupa Mbili za Panya wa Saba

Panya wa saba alikuwa mwenzangu, ingawa hakujua. Nilimshikilia wakati Profesa akimtoa ovari, miezi mitatu baada ya mimi kutolewa zangu pamoja na uvimbe.

Kazi yangu pale maabara ni chupa. Kila tundu lina mbili, moja ya maji matupu na nyingine ya maji ya sukari, na kila asubuhi nazipima kwenye mizani. Panya mzima huikimbilia ya sukari. Aliyetolewa ovari hunywa yoyote, ilimradi koo lilowe. Profesa anasema homoni ya ovari ikikatika, dopamini na serotonini, kemikali za raha, nazo huyumba kichwani, na mnyama anaishiwa hamu. Panya wa safu ya pili wanapewa homoni na wamechangamka. Mimi siwezi kupewa, maana uvimbe wangu ulistawi kwa homoni hiyo hiyo. Kwa hiyo macho yangu yote yalikuwa kwa wa saba, asiyepewa kitu. Akirudi kuwa mzima mwenyewe, nami nitarudi.

Majirani walisema najidekeza. Binti yangu wa miaka tisa alinyata kila aliponipita. Alinikuta nimelala mchana na viatu, nikamfokea kwa sababu ya kijiko kilichoanguka, mpaka shangazi yake, dada wa marehemu mume wangu, akamchukua.

"Wifi, mtoto anakuogopa," aliniambia. "Ukipata nafuu niambie, nitamleta siku hiyo hiyo."

Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli.

Jumanne asubuhi chupa ya sukari ya wa saba ilikuwa imepungua gramu hamsini, kama ya panya mzima. Nikapima mara tatu. Nikacheka peke yangu kama chizi, kisha nikampigia wifi.

"Mlete leo. Naanza kuwa sawa."

"Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Saa kumi jioni nikavuta trei ya tundu lile nibadilishe maranda. Yalikuwa chapachapa, yananata vidoleni. Chupa hupinduliwa kwanza kuona kama inavuja, ndipo inaning'inizwa. Nimewafundisha wengine hivyo miaka kumi, na jana yake mimi mwenyewe sikuwa na moyo wa kuipindua. Panya alikuwa amejikunja kwenye kona kavu. Nilitaka kulia, hata hilo likanishinda.

Nilipofika nyumbani walikuwa wananisubiri mlangoni. Wifi akamwacha mtoto, akashuka ngazi taratibu. Binti yangu akachemsha chai mwenyewe, akaniletea kwa mikono miwili, akakaa mbele yangu akinitazama. Nikanywa nusu kikombe.

"Tamu, Mama?"

"Tamu sana, mwanangu. Sijawahi kunywa chai kama hii."

Akavuta kikombe chake, akaonja, akakirudisha mezani.

"Nilisahau kutia sukari," alisema polepole.

Nikajaribu kucheka. Yeye akageuka kuutazama mlango.

"Mama, shangazi atakuwa hajafika mbali?"