Jina la Beba

Mtoto wa miezi kumi na moja asiye na jina ni mtihani mkubwa kwa mtu kama mimi. Kwetu, kisiwani Kalimno, mtoto wa kike huitwa Beba tu mpaka siku padri atakaposimama kwenye birika la ubatizo na kuuliza anaitwa nani, na mama wa ubatizo amjibu. Wazazi wanalijua jina, mama wa ubatizo analijua, sisi wengine tunabaki kumeza mate.

Jumapili hiyo tulipanda boti ya saa tatu asubuhi kwenda kisiwa cha jirani, Pserimos, kubatiza na kurudi jioni. Nilijipenyeza mpaka nikaketi kando ya Rinio, mama wa ubatizo, aliyekuwa amepakata kikapu cha nguo nyeupe, mshumaa na lozi za sukari. Kila kifuko cha lozi hufungwa pamoja na kikaratasi chenye jina. Nikapeleka mkono polepole.

"Mama Frosini, mkono huo unaenda wapi?"

"Naogopa lozi zitayeyuka na jua hili."

"Ziyeyuke. Huo umbeya utakuzeesha."

"Nina miaka sabini na miwili, mwanangu. Umechelewa kuniambia."

Watu wakacheka, isipokuwa shemeji yangu Pantelis, babu yake Beba mzaa baba. Mke wake, dada yangu Zambeta, tulimzika mwezi wa kwanza. Tangu siku ile hajawahi kulitamka jina lake. Humwita "mwenye nyumba" basi. Alichokitaka duniani ni kimoja tu: mjukuu apewe jina hilo, liitwe tena nyumbani kwake. Lakini kuomba hakuthubutu, kwa kuwa kwetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa mama. Na bibi huyo, Loukia, alikuwa ameketi mbele na kofia yake pana, mzima kama kigongo. Nilimchukia bure siku ile, nakiri.

"Shemeji, kununa kwako kutachafua bahari," nikamwambia.

"Sijanuna. Ila kanisani siingii."

"Utakaa wapi?"

"Nje, na mbuzi. Wakitaja Loukia nitalia mbele za watu, na machozi ubatizoni ni mkosi kwa mtoto."

Kweli, tulipofika akaketi juu ya ukuta wa mawe akatugeuzia mgongo. Nikamvuta pembeni Danai, mama wa mtoto, nikamwuliza waziwazi. Alicheka tu, akaniambia nikatafute nafasi ya mbele. Nikaitafuta kwa viwiko.

Padri akamnyanyua Beba, uchi, anateleza kwa mafuta, analia kama anayechinjwa. Akauliza. Rinio akakohoa. Jamani, kukohoa wakati ule!

"Zambeta," akasema.

Nikamgeukia Loukia. Alikuwa anapangusa macho kwa ukingo wa kofia.

"Mimi ndiye niliyemwambia Danai ampe jina hilo," akaninong'oneza. "Langu bado nalitumia mwenyewe."

Nilimbusu mkono, nikaona haya. Kisha nikatoka mbio. Zamani mama mzazi alingoja nje ya kanisa, na watoto ndio waliokimbia kumpelekea jina; siku ile nilikimbia mimi, na magoti yangu haya mabovu. Pantelis aliponiona akasimama. Nikajishika ukutani nikihema.

"Sema, mama wee, utaniua!"

"Zambeta," nikasema.

Akanipita kama hanioni. Akaingia kanisani na kofia yake kichwani, hakupiga hata ishara ya msalaba, akasimama katikati ya watu. Akaita kwa sauti yote, vilevile alivyozoea kumwita mkewe kutoka bustanini chakula kinapochelewa:

"Zambeta!"

Na mimi, niliyemwosha dada yangu na kumvika sanda kwa mikono hii, niligeuka nyuma kutazama anatokea wapi.