Wajumbe Ndani ya Jicho la Kabula

Vumbi la ng'ombe linapanda hapa kijijini Mwamkulu, jua linazama humo ndani, na mwanga unageuka rangi ya chai. Zamani niliipenda saa hii. Sasa roho inakuwa juu, Kabula mwanangu, maana ndiyo saa unayoanza kupapasa ukuta.

Tulikosea, mwanangu. Tulikusifu. Baba yako Mwandu alijitapa kwa majirani kwamba binti yake anamjua kila ng'ombe kwa kengele yake, hata giza likiingia. Kumbe gizani ulikuwa huwaoni. Kila jioni ulichunga kwa masikio, miaka minne, na sisi tukafurahi. Nilipogundua nikakulisha maini, maini, kila siku maini, nikidhani ni upungufu wa chakula. Majuto ni mjukuu.

Daktari wa macho pale mjini Mpanda alinieleza taratibu. Ndani ya jicho kuna seli za kuonea kwenye mwanga hafifu, na ndani ya kila seli wamo wajumbe wadogo mno. Wanapenya polepole kati ya kuta nyembamba zilizopangwa kama sahani, wakienda kushikilia milango inayoingiza chembe za chumvi iwe wazi. Mwanga ukiingia, wajumbe hukatwa. Milango hufungwa. Kule kufungwa ndiko kunakopeleka habari ubongoni: nimeona.

Kwako hawakatwi. Wanajaa, wanasongamana, milango inabaki wazi, na seli inafurika chumvi mpaka inakufa. Maini hayawezi kitu hapo.

Naogopa, Kabula. Napuliza moto jikoni huku nawasemesha hao wajumbe wasionijua: pungueni jamani, mwachieni mtoto nafasi. Nasali, halafu nawatukana. Kisha naomba msamaha, maana wamo mwilini mwako.

Nilimuuliza daktari, "Na mchana je?" Akasema mchana una seli zake, ila zile za giza zikiisha, hizi nazo hufuata, na kuona kunaanza kupungua pembeni. "Lini?" Akasema hajui.

Tangu siku ile nauchunga mchana.

Leo saa sita, jua la utosi, hata kuku wamekimbilia kivulini, nilikuja kwa kunyata ubavuni mwako na kikombe cha maziwa. Nikasubiri ugeuke. Nzi akatua ukingoni mwa kikombe, akaruka. Wewe unatazama mbele tu, unatabasamu.

Nikashusha kikombe, bangili zikagongana. Ndipo ukageuza sikio.

"Mayu, mama yangu," ukasema, "umekuja saa ngapi?"