Breki ya Upande wa Pili

Tangu nitoke hospitali, nyumbani walikuwa wananishika kama yai. Nikigusa sufuria, napokonywa. Nikitaka kuanika nguo, nakuta zimeshaanikwa, tena ovyo. Siku moja mume wangu alinichana nywele, akaniacha kama niliyetoka kupigana, na nikanyamaza kwa sababu alikuwa na nia njema. Lakini mimi si mtu wa kunyamaza sana. Sikuwa hivyo kabla ya kuondolewa titi, na baada yake ndiyo kabisa.

Kazi yangu ni kufundisha udereva. Wanafunzi wananiita Mama Breki, kwa sababu gari letu la shule lina breki mbili, moja ya dereva na nyingine kwenye kiti cha mwalimu, na ile ya mwalimu huwa siionei huruma. Hata kwenye gari la mume wangu, ambalo halina kitu kama hicho, nakanyaga sakafu kila kona. "Mama watoto, utanitobolea gari," ananiambia.

Wiki ile bosi alinipigia simu kwa sauti ya msibani. "Mwalimu, usijilazimishe. Pale mapokezi pana nafasi. Utakuwa unapokea simu tu, na chai yako pembeni."

"Jumatatu nitakuwa ndani ya gari," nikamwambia.

Akasema sawa, Jumamosi angeniletea gari nijipime. Nikishindwa, angempa mwalimu mwingine, na mimi nikae mapokezi moja kwa moja. Nilikata simu nikiwa nimechemka. Mapokezi! Mimi!

Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Kidonda kilikuwa kimefunga, dawa za maumivu zilizokuwa zikinipa usingizi nilikuwa nimeacha, na daktari alikuwa ameniruhusu. Ila yule mtaalamu wa mazoezi, aliyenifundisha kutambaza vidole ukutani mpaka mkono ukubali kupanda, aliniambia neno moja ambalo halikunitoka: "Utakuwa tayari siku utakayokata usukani na kukanyaga breki ya ghafla bila kufikiria kidonda kwanza." Sasa mimi nilikuwa nafikiria kidonda hata nikipiga mswaki. Na mwalimu wa udereva akisita, mtoto wa watu anagongwa. Kama mkono wangu ungesita, basi kweli sistahili lile gari, na hofu hiyo sikuwa nimemwambia mtu.

Jumamosi jioni gari likaletwa, na Jumapili asubuhi mume wangu aligoma kunisindikiza. Akaja dada yake, wifi yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenishonea kimto cha kuweka kati ya mkanda wa gari na kifua. Hajawahi kuendesha hata baiskeli.

"Wifi, nakuja," alisema akijifunga mkanda, "lakini nikiona unakunja uso, nashuka narudi kwa miguu."

"Kaa utulie wewe."

Tukaenda barabara ya nyuma ya maghala, ambako Jumapili hakuna watu. Au tuseme tulijaribu kwenda. Nikitoa klachi, gari linazima. Nawasha tena, linajikokota kidogo, linazima. Breki ya mkono nimeangalia, iko chini. Jamani, mimi niliyefundisha nusu ya mji huu nilikuwa naruka-ruka na gari kama mwanafunzi wa siku ya kwanza! Nikaegemea usukani, machozi yakanilenga. Nikajiambia, basi, mwili umekataa.

"Wifi, nimeshindwa," nikasema.

"Usilie wifi yangu, pengine gari ndilo bovu," akasema. "Ila wamefikiria abiria hawa watu, hapa pa kuwekea mguu pametulia kweli."

Nikageuka. Mguu wake ulikuwa umekaa juu ya breki ya mwalimu, kwa uzito wake wote.

"We mwanamke! Hiyo ni breki!"

"Breki si unayo wewe?"

"Hata hapo ipo! Ondoa mguu, na usiiguse tena hata tukianguka mtoni!"

"Haya, haya, usinipigie kelele, nimeondoa."

Gari likaondoka laini kabisa. Nikabadilisha gia, nikakata kona ya kwanza polepole. Ngozi ya kifuani ikavuta kidogo, nikaisikia. Bado nilikuwa nafikiria kidonda. Kona ya pili, ya kuingia nyuma ya maghala, hivyo hivyo.

Tulipolipita ghala la mwisho, lori dogo likachomoka getini kinyumenyume, bila hata kupiga honi, likajaa mbele yetu. Wifi akapiga yowe. Matairi yakalia, gari likakata upande, likasimama likiwa limebakiza nafasi ya kupitisha kiganja.

Injini ilikuwa imezima.

"Asante wifi," nikasema nilipopata pumzi. "Nimekukataza, lakini afadhali umekanyaga."

"Nimekanyaga nini?"

Nikamtazama. Miguu yote miwili alikuwa ameikunja juu ya kiti, amekaa kama yuko mkekani, viatu vyake vimebaki chini peke yavyo. Tangu nimfokee, alisema, hakuthubutu kushusha hata kidole.

Ndipo nikaangalia mikono yangu. Yote miwili ilikuwa kwenye usukani, nao umekatwa mpaka mwisho, na mguu wangu bado ulikuwa umegandamiza breki. Kidonda hata sikukikumbuka. Nilikikumbuka wakati ule tu, nikakipapasa juu ya kimto, kilikuwa salama. Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na wifi naye akaanza, bila kujua kwa nini.

Dereva wa lori akashuka, ametokwa na jasho, akaja dirishani kwangu kwa hasira ya mtu mwenye makosa. "Mama, nani kakufundisha kuendesha hivi?"

Nilishusha kioo mpaka chini. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na siku nyingine angeyasikia yote. Lakini nilikuwa na furaha mno.

"Njoo shule ya udereva kesho asubuhi, baba," nikamwambia. "Uliza Mama Breki. Nipo."