Wavu wa Mtoto wa Mwenzangu

Marehemu mume wetu alituachia nyumba moja, vyumba viwili na jiko la kugombania. Mimi ni Bi Mkubwa kwa kuwa niliolewa kwanza. Mke mwenzangu ni Bi Mdogo, jina tu hilo, maana akikaa kwenye benchi mimi nabaki hewani. Sikujaliwa mtoto. Yeye alijaliwa mmoja, na huyo mmoja akaenda kuchimba bwawa mtelemkoni, upande wa juu wa nyumba yetu.

Bwawa lenyewe ni tuta la udongo lililozuia kijito, amwagilie nyanya na vitunguu. Watu wakamwita Bwana Maji, naye akaanza kutembea kama jina. Pembeni mwa tuta aliacha mfereji mpana wa kutolea maji yakizidi, yasije yakapita juu ya tuta. Udongo ukipitiwa na maji kwa juu, unaliwa kama donge la sukari kwenye chai.

Mwaka huu akaweka samaki. Samaki si wajinga: mvua ya kwanza tu wakatoroka kwa ule mfereji, tukawaokota mlangoni, nikawakaanga. Bwana Maji hakupendezwa. Akaziba mfereji wote kwa wavu wa matundu madogo.

Nikamfuata. "Baba, huo wavu utajaa majani. Maji yatapita wapi?"

"Mama Mkubwa, wewe unalilia samaki wa bure."

"Samaki nimeshakula. Nalilia nyumba."

Akacheka. Ndiyo shida ya kuzoea kuchekesha watu: hata nikisema jino linauma, wanashika mbavu.

Nikamgeukia Bi Mdogo, amwambie yeye. Alikuwa anachambua maharage.

"Tangu mwanangu achimbe bwawa wewe hulali," akasema. "Wivu utakukausha, dada."

"Ungenikausha, mwenzangu, si ningepata kiuno?"

Hakucheka. Kwa mambo ya mwanawe hacheki.

Mwenyekiti wa kijiji naye akaniambia bwawa ni mali ya mtu, tena mtu mwenyewe ni mwanangu, twende tukayamalize nyumbani. Nyumbani ndiko nilikotoka! Nikachukua kisu cha jikoni nikaukate wavu mwenyewe. Kumbe ni wa waya. Kisu kikapinda.

Mvua kubwa ilianza asubuhi, mchana ikakaza. Nikapanda tutani. Majani na mabua yalikuwa yameuvika wavu blanketi. Bwana Maji alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, anavuta takataka kwa reki. Akitoa fungu, linakuja fungu. Aliponiona, uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja chungu.

"Mama Mkubwa, nifanyeje?"

Ndiyo mara ya kwanza kuniuliza kitu. Katikati ya tuta, pale palipobonyea kidogo, maji yalikuwa yameshaanza kupita.

"Toka humo," nikamwambia, nikashuka mbio, mbio zenyewe za kizee.

Bi Mdogo alikuwa kitandani.

"Mwenzangu, inuka, bwawa linakatika!"

"Umeanza."

"Haki ya Mungu!"

"Mbona mwanangu hajasema?"

Nikamvuta mkono. Bora ningevuta kabati. Hakuinuka mpaka Bwana Maji alipoingia, matope mpaka shingoni.

Tulipofika kwenye mwinuko tukageuka. Nilitegemea kishindo. Wapi! Tuta liliketi tu, kama mtu aliyechoka, na maji yakaja na rangi ya udongo wake. Yakagonga ukuta wa chumba changu, kisha wa kwake. Paa likaelea.

Bi Mdogo akanishika mkono. Nikadhani ananishukuru.

"Sasa umefurahi?"

Nikamtazama Bwana Maji anisaidie. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Na kitanda changu kimo humo, mwenzangu," nikasema.

"Ungemwambia kwa adabu," akasema, "mwanangu angekusikia."