Kikokotoo Kilichokuja Kuhesabu Wanafunzi wa Vumbwe

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba kikokotoo kimekuja kuikagua shule yetu, na mimi ndiye niliyepangwa kukikaribisha chai.

Kilikuwa kikokotoo cha kawaida, cha mezani, ila kilikuwa kirefu kama mlango na kilivaa koti. Kilipanda ngazi za ofisi kikihema.

"Shikamoo," nikasema, maana kilionekana kunizidi umri.

"Marahaba," kikaitikia, na kwenye kioo chake ikatokea namba moja.

Sekondari ya Vumbwe iko juu kabisa mlimani, huku Upareni, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Ni shule ndogo, na kila mwaka inazidi kuwa ndogo, kwa sababu vijana wanashukia mijini, wanaoana huko na kuzaa huko. Halmashauri imesema wanafunzi wasipotimia, shule itafungwa na waliobaki watahamishiwa shule kubwa ya tambarare. Hilo ninalijua nikiwa macho, na hata ndotoni nililijua. Nilikuwa nikimfikiria Namsifu wa Kidato cha Kwanza, anayeishi na bibi yake wawili tu. Akihamia tambarare, yule bibi atachotewa maji na nani?

"Wanafunzi wako wapi?" kikokotoo kikauliza.

"Wamo madarasani, mheshimiwa."

"Mbona sisikii kelele?"

"Ni wachache."

Kikatikisa kichwa. Mkuu wa Shule, Mwalimu Mbwambo, akanivuta pembeni. "Usiogope, Mwalimu," akaninong'oneza. "Nimeshapiga mbiu."

Huku kwetu kazi ya wote, kama kuzibua mfereji au kuchonga barabara, inaitwa msaragambo. Mbiu ikilia, kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe lake, na hakuna anayeuliza ni kazi gani mpaka afike. Shule yenyewe ilijengwa hivyo. Sasa Mkuu alikuwa ameitisha msaragambo wa kuandikisha wanafunzi.

Basi wanakuja. Kila nyumba imetoa mtu iliyekuwa naye. Naona wazee watupu wanapanda kilima, majembe begani. Mbele yao yuko Bibi Niwaeli, jirani yangu, amevaa sare ya shule juu ya kanga, na soksi amezivuta mpaka magotini.

"Shikamoo, Bibi. Unakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kidato cha Kwanza. Nionyeshe tunaanzia kulima wapi."

"Bibi, hapa hatulimi. Tunasoma."

"Basi nionyeshe tunaanzia kusoma wapi, tumalize kabla jua halijawa kali."

Nikampeleka darasani. Alipoketi, dawati likaguna.

"Mwalimu," likasema, "mimi nilitengenezewa mtoto. Huyu ana magoti."

"Na wewe una misumari," Bibi Niwaeli akalijibu. "Kuna mtu amekusema?"

Kikokotoo kikasimama mlangoni, kikasoma sheria kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "Fedha humfuata mwanafunzi. Tuone zinamfuata nani."

Nikachungulia dirishani. Ruzuku zilikuwa zinapanda mlima kwa miguu. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa kuku, ngozi ya rangi ya bahasha na miguu miwili myembamba. Zilikuwa zimechelewa sana.

"Mtusamehe," ile ya mbele ikasema, ikishika kiuno. "Tulikwama kwenye mfumo."

Kila moja ikamtafuta mwanafunzi wake na kusimama nyuma yake. Mvulana mmoja akaomba ruhusa kwenda chooni. Ruzuku yake ikaomba ruhusa pia, ikamngojea nje.

Moja ilimkaribia Bibi Niwaeli, ikamnusa soksi, ikarudi nyuma. "Huyu hapana," ikasema. "Huyu hakutoka shule ya msingi. Ametoka kwenye ndoa."

"Nenda zako," Bibi akaifukuza kwa kanga. "Ulivyokonda hivyo, ungemsomesha nani wewe?"

Ruzuku ikainamisha kichwa. Nikaihurumia, nikaimegea andazi langu. Ikalila huku imenipa mgongo, kwa aibu.

"Hawatoshi," kikokotoo kikatangaza. "Wazee hawajumlishiki. Mwalimu wa Jiografia ni nani?"

Ni mimi. Nikanyoosha mkono nusu.

"Nichoree piramidi ya watu wa kata hii."

Piramidi ya watu ninaifundisha kila mwaka. Watoto wengi chini, watu wazima katikati, wazee wachache juu kileleni. Nikaiweka chaki ubaoni, chaki ikakataa kwenda.

"Mimi hao watoto wengi siwachori," ikasema. "Nimewachora miaka yote na sijawahi kuwaona."

Nilipogeuka kuomba chaki nyingine, ubao ulikuwa umeshakuwa uwanja wa mstarini, na piramidi ilikuwa imesimama pale, ya watu wenyewe, miguu juu, kichwa chini. Juu mawinguni wazee walikaa safu pana, wakipiga soga na kupitishiana chupa ya chai. Chini yao walikuwapo watu wazima wachache, kila mmoja akitazama simu yake. Na chini kabisa, peke yake, alisimama Namsifu. Alikuwa amewabeba wote mabegani, huku ameshika kalamu.

"Namsifu! Unafanya nini hapo?"

"Namalizia zoezi la jana, Mwalimu."

"Hawajakuelemea?"

"Hapana, Mwalimu." Akafikiri kidogo. "Shingo tu."

"Hesabu iko wazi," kikasema kikokotoo, kikifungua vifungo vya koti. Tumboni zilionekana namba zake zote, na pembeni alama ya sawasawa, nyekundu, kubwa kama sahani. "Nikibonyeza hapa, shule imefungwa." Kikaanza kushusha kidole.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Kwenye vikao vya walimu hukaa karibu na mlango, na nikiwa na hoja humwandikia mwenzangu aisome. Lakini nilimwona Namsifu akihamisha uzito kutoka bega moja kwenda lingine bila kumwamsha mzee aliyesinzia juu, na mdomo wangu ukafunguka, sauti ikatoka ndogo kama nukta.

"Subiri."

"Nani amesema nukta?" kikokotoo kikauliza.

"SUBIRI! Wazee, shukeni! Mmemkalia mtoto!"

Kutoka mawinguni nikasikia sauti ya Bibi Niwaeli. "He! Kumbe ni mtoto huyu? Mimi nilidhani ni msingi wa jengo."

Wakaanza kushuka. Ilichukua muda, kwa sababu kila mmoja alitaka kwanza kumpisha mwenzake, na mmoja alirudi kufuata kiatu. Walipofika chini wakajipanga bega kwa bega, wakasimika majembe, wakamwinua Namsifu mkono kwa mkono mpaka kileleni. Ruzuku yake ikapanda naye, imening'inia kwenye soksi.

"Unaona nini huko?" nikamuuliza.

"Naona mabati ya Mombo, Mwalimu. Naona Korogwe. Naona na Tanga, na maji yake. Kila mtaa una mtoto wa kwetu." Akakinga macho kwa mkono. "Elineema yuko Korogwe, yule mjukuu wa Bibi Niwaeli. Amembeba mtoto wa shangazi yake. Anawatazama wenzake wanakwenda shule."

Chini yake Bibi Niwaeli alishika mpini wa jembe kwa mikono miwili.

"Waite, Mwalimu," Namsifu akasema.

"Waite wewe uliye juu."

"Mimi ni mwanafunzi. Anayeita majina ni mwalimu."

Alisema kweli. Ndivyo tunavyofanya kila asubuhi. Kidole cha kikokotoo kilikuwa kimebakiza unene wa karatasi. Nikavuta pumzi mpaka ukungu wote wa uwanjani ukaniingia kifuani, nikaita.

"Elineemaaa!"

Mlima ukalipokea jina, ukalipeleka bondeni, bonde likalisukuma tambarare. Nikaita tena. Nikaita mpaka sauti ikachanika kama kitambaa, na wazee wote chini ya Namsifu wakitikisika nami.

Ndipo mbali, mbali kabisa, kijisauti kikaitikia.

"Nipo!"

Kidole kikasimama hewani. Kioo cha kikokotoo kikapepesa. "Ngoja," kikasema, kwa mara ya kwanza kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Kuna mtu anapanda."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Koo lilikuwa linaniwasha, lakini huku mlimani koo humwasha kila mtu. Nikachukua ndoo nikaenda bombani. Bibi Niwaeli alikuwa ameshafika, amevaa kanga yake, hana soksi.

Nikafungua mdomo nimwamkie, sauti haikutoka. Nikainama tu.

"Marahaba, mwanangu. Umepatwa na nini, kifua? Chemsha tangawizi." Akaisogeza ndoo yake chini ya maji. "Mie leo nimeamshwa na simu. Elineema, kutoka Korogwe. Yule hanipigii mpaka sikukuu! Ananiuliza, Bibi, nani alikuwa ananiita? Nikamwambia mie nilikuwa nimelala. Ati amesikia jina lake wazi kabisa, akaitikia kwa nguvu, shangazi yake akamfokea kwa kumwamshia mtoto."

Ndoo ikajaa, ikafurika. Hakuna aliyelifunga bomba.

"Sasa anauliza sketi za shule ya huku ni rangi gani," akaendelea. "Nikamwambia macho yangu yalishaanza kuchanganya rangi, ngoja nimuulize Mwalimu. Ni rangi gani, Mwalimu?"

Nikajaribu tena kusema, nikashindwa. Nikanyoosha mkono, nikalivuta karibu jani la mgomba lililoinamia bomba, nikamwekea kiganjani.