Ng'ombe Aliyetakiwa Kulipa Ada

Stanslaus Makoye hakumwambia mkewe kwamba anakwenda Nyarugusu kuuza ng'ombe. Alimwambia anakwenda kumsalimia Paschal. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli, maana ng'ombe mwenyewe alikuwa zizini kwa Paschal, na hakuna mtu anayefika kwa Paschal asisalimiwe mpaka achoke.

"Msalimie na Monika," alisema Asteria huku akimfungia michembe, viazi vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. "Na unitazamie Madoa wangu. Ng'ombe tuliyebaki naye ni huyo mmoja tu, Baba Dorika. Ukirudi uniambie kanenepa au kakonda."

Stanslaus alipokea kifurushi, akaegemea gongo lake, akatoka bila kugeuka nyuma. Aliona akigeuka atasema.

Gongo hilo alikuwa nalo kwa miezi minane. Alikuwa kazini huko Geita, kwenye kampuni moja ya kusaga mawe ya dhahabu, jiwe likaporomoka kutoka kwenye rundo likamvunja mguu wa kulia. Ndugu walimleta nyumbani, akalazwa hospitali ya Kolandoto, wakaunga mfupa ukaungika, lakini mguu ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Mwajiri alituma pole mara moja. Mara ya pili simu yake haikupatikana. Stanslaus alikuwa amesikia redioni kwamba upo mfuko wa kuwalipa fidia watu walioumia kazini, ila hakujua mlango wake uko wapi wala mtu anaugonga vipi.

Ndipo alipotokea Edson.

Alifika Didia siku ya mnada, suruali imenyooshwa pasi, beji inaning'inia kifuani: Haki Upesi, Wafuatiliaji wa Madai. Shikamoo yake ilikuwa ya kuinama mpaka beji inagusa magoti. "Mzee wangu," alimwambia Stanslaus, "hela yako iko mezani mjini. Inasubiri tu mtu wa kuinyanyua." Kabla ya kuinyanyua palikuwa na ada ya kufungua jalada. Stanslaus akauza mpunga uliokuwa umewekwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Akamkabidhi Edson na vyeti vyake vya hospitali, vile vyenyewe vyenye muhuri.

Baadaye Edson akapiga simu. Jalada limefunguka vizuri sana, alisema, limebaki kusimamiwa na mwanasheria wa serikali, na mwanasheria naye ana ada yake. Tena ilipwe kabla ya Ijumaa. Ikipita Ijumaa, mlango umefungwa moja kwa moja.

"Sina kitu, mwanangu. Nimebaki na ng'ombe mmoja."

"Uza, mzee. Fidia ikitoka utanunua kumi."

"Hayupo hapa. Yuko Nyarugusu, kwa mtu."

"Si umpigie simu huyo mtu amuuze, akutumie pesa? Dunia ya leo hiyo, mzee wangu!"

Stanslaus alijikuta anacheka peke yake. Kijana huyu kalelewa wapi? Ng'ombe wa kuwekesha hauzwi kwa simu.

Madoa alimnunua miaka kadhaa nyuma, wakati bado anachimba kwa sururu Nyarugusu, kwa pesa ya kiroba cha kwanza cha mawe kilichotoa dhahabu ya maana. Mchimbaji hana zizi. Akamwekesha mtamba wake kwa Paschal, Msumbwa aliyekuwa na shamba na majani ya kutosha. Wakapatana kama wazee wao walivyopatana: maziwa ni ya anayechunga, mbolea ni ya anayechunga, ndama ni wa mwenye ng'ombe, lakini kila ndama wa tatu ni wa anayechunga. Ng'ombe akifa, mwenyewe aitwe aone. Na mwenye ng'ombe akimtaka ng'ombe wake, aje kwa miguu yake, alale hapo, na asubuhi asimame mlangoni pa zizi aseme kwa kinywa chake, mke wa mwenye zizi akisikia. Hawakuandikiana chochote. Waliosha mikono wakala pamoja, yakaisha.

Kwa hiyo alisafiri, na mguu wake mfupi.

"Mwadila!" Paschal alimsalimia kwa Kisukuma kutoka mbali, akijifanya Msukuma. "Monika, njoo uone! Msukuma amekuja na miguu mitatu! Mwenzetu anaongezewa, sisi tunapunguziwa."

"Nyamaza wewe Msumbwa," alisema Stanslaus. "Hata kwa huu mmoja nakushinda mbio."

"Mbio za kwenda kwenye ugali, sikatai."

Monika alitoka jikoni anafuta mikono, akamsalimia, akachukua michembe. Wakala, wakacheka, wakawataja watu wa zamani wa mashimoni, nani yuko wapi na nani alirudi kwao. Kila Paschal alipomuuliza habari za nyumbani, Stanslaus alijibu njema, na kila alipojibu njema aliinamia sahani.

Asubuhi alikwenda kusimama mlangoni pa zizi. Madoa alikuwa amelala upande wa jua, anacheua, madoa yake meusi yaking'aa, na tumbo lake limejaa pande zote mbili. Stanslaus aliliona tumbo hilo akajua hesabu yake imeharibika.

Paschal alisimama kando yake. Monika aliweka ndoo ya maziwa chini.

"Nimekuja kumchukua Madoa," alisema Stanslaus. "Nataka kumuuza."

Ng'ombe mwingine alikohoa. Kisha Paschal akasema polepole, "Ng'ombe ni wako, Baba Dorika. Fimbo hii hapa. Lakini huyo aliye tumboni ni wa tatu."

"Nimeona."

"Wa kwanza ulimuuza Dorika akasoma. Wa pili ulimuuza ulipolazwa, na niliyemswaga mnadani ni mimi. Sikusema kitu, walikuwa wako. Huyu ndiye wangu. Ukimuuza mama yake leo, umemuuza na wangu."

"Fidia ikitoka nitakulipa."

"Fidia gani?"

Hapo ikabidi aeleze. Alieleza habari za Edson, jalada, mpunga, mwanasheria na Ijumaa. Alieleza akitazama chini, maana kadiri alivyosikia maneno yakitoka kinywani mwake ndivyo yalivyozidi kupungua uzito. Alipomaliza, Paschal alikuwa amevua kofia anajikuna kichwa.

"Hebu nisaidie, mimi sikusoma. Huyu Edson anakuchungia madai yako, siyo?"

"Ndiyo."

"Kama mimi ninavyokuchungia Madoa."

"Tuseme hivyo."

"Siku uliyoniletea Madoa, ulinipa nini?"

"Sikukupa kitu."

"Nilikudai?"

"Hukunidai."

"Nilijua ng'ombe akizaa nitakunywa, asipozaa nimekula hasara. Sasa huyu mwenzangu wa mjini anachunga namna gani? Ng'ombe hajamuona, zizi halijafagiliwa, yeye ameshika kikombe anadai maziwa!"

Monika alicheka akaziba mdomo kwa khanga. Stanslaus hakucheka. Akatoa simu.

"Ngoja nipatane naye kama tulivyopatana sisi," alisema. "Akikubali, Madoa habanduki hapa, na madai yanaendelea. Ni mtu wa heshima, anaweza kukubali."

Aliweka simu kwenye sauti kubwa, wote wasikie.

"Mzee wangu!" Edson alipokea mara moja. "Shikamoo! Tayari umeuza?"

"Marahaba. Bado. Nina neno, mwanangu. Huku kwetu anayechunga ng'ombe hulipwa na ng'ombe mwenyewe. Nichungie madai yangu. Yakizaa, chukua theluthi. Theluthi ikiwa ndogo, chukua nusu. Nakuahidi mbele ya mashahidi."

"Mzee, ile ada siyo yangu mimi. Ni ya serikali. Serikali haikopeshi."

"Basi hakuna njia. Ng'ombe ana mimba, na ndama ni wa mtu."

"Subiri, subiri mzee, usikate." Sauti ya Edson ililainika. "Tufanye nusu. Tuma nusu tu leo."

"Nusu ya ada ya serikali?"

"Nimekuonea huruma. Wewe ni kama baba yangu."

"Nusu pia sina."

"Robo, basi. Robo mzee, nyingine naongeza mfukoni kwangu."

Stanslaus alimtazama Paschal. Paschal aliinua mikono juu kama dalali anayengoja bei ishuke tena.

"Robo sina," alisema Stanslaus.

"Mzee, una kiasi gani hapo ulipo? Tuma chochote. Hata ya mafuta ya pikipiki niende ofisini."

Monika alishindwa kuvumilia. "Jamani! Hii serikali inashuka bei kama nyanya za jioni!"

"Nani huyo anaongea?" aliuliza Edson kwa ukali.

"Mke wa mwenye zizi," alijibu Monika. "Ongeza na pilipili, tununue!"

Edson alisema neno ambalo kijana hamwambii mtu aliyemwita baba, na simu ikakatika. Stanslaus alipiga tena. Haikupatikana.

Alikaa juu ya gogo la mlangoni. Paschal alidhani anacheka, kumbe analia.

"Vyeti," alisema. "Vyeti vyangu vya Kolandoto anavyo yeye. Mpunga umekwenda, sawa. Lakini bila vyeti, nitaonyesha nini kwamba niliumia? Na kesho ndiyo Ijumaa."

Paschal alimwinua kwa mkono. "Waliokuunga mguu wamekufa?"

"Hawajafa."

"Basi wanaukumbuka. Nenda."

Alifika Didia jua likiwa linazama. Asteria alikuwa anaanua mtama. Alimtazama mumewe usoni, akaacha mtama.

"Madoa anaumwa?"

"Haumwi. Nilikwenda kumuuza, Mama Dorika." Akamweleza yote akiwa amesimama, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Asteria alisikiliza mpaka mwisho. Stanslaus alingoja kelele. Hazikuja.

"Ulipoondoka kule," aliuliza Asteria, "Madoa alikuwa bado ndani ya zizi?"

"Alikuwa amelala anacheua. Kanenepa. Ana mimba kubwa."

Asteria alishusha pumzi ndefu, akaketi kwenye kinu kilicholazwa. "Basi kaa nawe. Nilidhani umeniletea kamba tupu." Kisha akaongeza, "Huyo kijana angefika hapa na beji yake, ningempura pamoja na mtama."

Asubuhi ya Ijumaa walikwenda wote wawili. Kolandoto walingoja, wakaitwa, na karani akalipata jina lake. Cheti kingine kikaandikwa, kikapigwa muhuri, na daktari aliyemuunga alipita ukumbini akamwambia anakanyaga vizuri kuliko alivyotarajia. Kutoka hapo wakaingia mjini Shinyanga, wakaulizia ofisi ya mfuko. Mlango ulikuwa wazi. Stanslaus alisita kizingitini, akamnong'oneza mkewe, "Wakisema kiingilio?"

"Tutasikia kwao, siyo kwa Edson."

Aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, jina lake Philomena. Alisoma cheti, akatazama kitambulisho cha kazi cha Stanslaus, akabofya kompyuta yake kwa muda.

"Mwajiri wako yumo, baba. Alikuwa amesajiliwa. Kwa nini umekaa muda wote huu bila kuja?"

"Nilikuwa natafuta ada."

"Ada ya nini?"

"Ya kufungua jalada. Na ya mwanasheria."

Philomena alivua miwani. "Baba, hapa mtu aliyeumia halipi hata senti kuleta madai yake. Nani kakwambia hivyo?"

"Na mlango unaofungwa leo Ijumaa?"

"Unafungwa jioni, ndiyo, tunakwenda nyumbani. Jumatatu tunafungua." Akatabasamu. "Mwaka haujaisha tangu uumie. Uko ndani ya muda."

Stanslaus akamgeukia mkewe. Asteria akasema ahsante kwa niaba yake. Philomena aliwaeleza kwamba madai yatapimwa, kwamba yanaweza kuchukua muda, na kwamba hawezi kuwaahidi kiasi. Stanslaus aliyasikia yote hayo kama mtu anayesikia mvua juu ya bati akiwa ndani. Mtu asiyemwahidi ng'ombe kumi alimtuliza kuliko yule aliyemwahidi.

Walipitia polisi kuandikisha habari za Edson. Askari akasema beji hiyo wanaanza kuizoea. Stanslaus si wa kwanza wiki hiyo. Kisha wakanywa chai stendi, na Stanslaus akaagiza chapati mbili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu avunjike mguu.

Siku chache baadaye simu ililia wakiwa shambani. Alikuwa Paschal, anapiga kelele kana kwamba Nyarugusu ni ng'ambo ya mto.

"Madoa amezaa!"

"Dume au jike?"

"Jike! Ana madoa kama mama yake!"

Stanslaus alifunika simu akamwambia mkewe. Asteria akapiga kigelegele hapo hapo kati ya matuta.

"Ni wako, bwana," alisema Stanslaus. "Wa tatu. Kama tulivyopatana."

"Najua ni wangu. Nimekwisha kumpa na jina."

"Nani?"

"Ada."

Asteria, aliyekuwa ameinama sikio karibu na simu, alicheka mpaka akaacha jembe, akakaa chini kwenye udongo. Stanslaus akasimama kwa miguu yake miwili na gongo, anamtazama, anacheka naye.

"Mwambie amlishe vizuri," alisema Asteria akijifuta macho. "Na amwambie Monika, Ada huyu hashuki bei kama ile ya Edson."