Nani Akae na Diskasi

Kwenye shule ya udereva alikofundisha, wanafunzi walimpa jina la Honi, na mwenyewe alidhani ni kwa sababu anayajua magari. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekula umri akiwaambia watu "Breki! Nimesema breki, siyo mafuta!" katikati ya malori. Sauti hiyo hakuiacha kazini. Kila jioni aliingia nayo nyumbani pamoja na viatu, ila viatu alivivua mlangoni.

Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja cha ziada. Wengine wangekiita chumba cha wageni. Honi alikiita chumba cha diskasi, kwa kuwa humo ndimo lilimosimama tangi lake la kioo, na ndani ya tangi diskasi wenyewe, samaki bapa, mviringo kama visahani vya chai, rangi ya chungwa yenye mistari ya samawati. Wazuri kupita kiasi, na kudeka kwao ni hivyo hivyo. Maji wanataka laini, safi, tena ya uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto mchanga. Chakula wanataka kidogo kidogo. Wakistuka wanageuka weusi, wanajibanza nyuma ya kigogo na kugoma kula kama bibi harusi aliyeletewa bwana asiye wake.

Haya yote Honi aliyajua kwa kichwa. Shida yake ilikuwa moja. Dume na jike walikuwa wakitaga mayai vizuri kabisa juu ya chungu alichowainamishia, halafu wanayala wenyewe. Honi alikwisha kuwaahidi wafugaji wenzake watoto wa diskasi, na kila walipokutana walimuuliza kwa huruma ile inayoumiza kuliko matusi.

Basi akaanza kumtafuta mchawi. Wa kwanza kushikwa alikuwa samaki mnyonyaji, yule anayelamba vioo.

"Huyu anawalamba diskasi ubavuni," Honi akatangaza. "Anawakosesha raha."

Mnyonyaji akahamishiwa kwenye beseni ukumbini. Kisha wakafuata wale samaki wadogo wenye mstari unaong'aa, kwa kosa la kukimbiakimbia. Halafu vikambare vidogo vya kufagia chini, kwa kosa la kufagia. Ukumbi ukajaa mabeseni, kila moja na hita yake na kibomba chake cha hewa, nyaya zimetanda sakafuni kama mtego wa ndege.

Mkewe alikuwa mkunga. Akirudi zamu, anaruka nyaya na kuuliza, "Leo ametalikiwa nani?"

Tangini wakabaki mume na mke peke yao. Wakataga. Wakala. Honi akabadilisha hita, akabadilisha taa, akaning'iniza pazia zito dirishani. Alishuku kila kitu kilichokuwa chumbani mle isipokuwa kimoja, nacho kilikuwa kimesimama mbele ya kioo, mikono kiunoni, kikishuku kwa sauti.

Hapo ndipo shemeji yake alipofika na sanduku.

Alikuwa dada mkubwa wa mkewe, mkutubi mstaafu, mwembamba, miwani puani. Alikuwa akikaa kwa mwanawe, lakini yeye na mkwewe walishindwana jikoni, akaona bora aondoke wakiwa bado wanasalimiana. Pa kwenda pengine hakuwa napo. Na magoti yake hayakuipenda baridi.

"Atalala wapi?" Honi alimuuliza mkewe, ingawa jibu aliliona likija kama lori lililokatika breki.

"Chumba cha wageni."

"Cha diskasi?"

"Baba watoto, samaki wako wana chumba, wana joto, wana pazia. Dada yangu unataka kumlaza kwenye kochi ambalo springi zake zimetoka nje kuangalia mpira."

"Mama watoto, diskasi hawapewi mwenza hivi hivi tu! Kuna maswali. Joto analiweza? Anakula taratibu, au ananyang'anya wenzake? Mpole, au mgomvi? Sasa mtu aliyeshindwana na mkwe wake mwenyewe..."

"Joto naliweza," sauti ndogo ikasema mlangoni. Shemeji alikuwa amesimama pale muda wote, sanduku miguuni. "Ndiyo dawa ya magoti haya. Kula, meno niliyobaki nayo hayamnyang'anyi mtu. Na ugomvi, shemeji, mimi nimefanya kazi maktaba maisha yangu yote. Niliogombana nao ni panya tu."

Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Honi akahisi masikio yanapata moto.

"Na karantini? Kila mgeni lazima akae pembeni kwanza!"

"Karantini ndiko ninakotoka," akasema shemeji.

Honi akaona akikubali kirahisi ameshindwa, akikataa atalala yeye kwenye springi. Akakata shauri la katikati. "Haya, kwa majaribio. Diskasi wakitaga tena na mayai yakaliwa, shemeji utanisamehe, ni kochi. Yasipoliwa, chumba ni chako mpaka ukichoke mwenyewe."

"Kwa hiyo sasa," mkewe akauliza, "unaomba yaliwe au yasiliwe?"

Honi akaenda kupima joto la maji, akalipima mara tatu.

Shemeji hakupangua sanduku lake. Alilisimamisha kando ya mlango, limefungwa, kama abiria anayengoja kuitwa jina. Mchana alikaa kwenye kiti karibu na tangi, akisoma, akifungua kurasa kwa namna ambayo hata karatasi yenyewe haikujua imefunguliwa. Honi alikuwa amemwachia maagizo marefu juu ya maji na chakula, naye aliyafuata yote bila kuongeza chumvi. Taratibu diskasi wakaanza kutoka nyuma ya kigogo. Wakawa wanakuja kioo cha upande wake, wanaelea pale, wanamtazama kama nao wanataka kujua kitabu kimefika wapi.

Jioni mlango unafunguliwa kwa kishindo. "HABARI ZA HUMU!"

Diskasi wanageuka weusi na kutoweka.

"Umeona?" Honi anasema kwa masikitiko. "Bado hawajakuzoea, shemeji."

Shemeji anamtazama juu ya miwani. "Naona."

"Inachukua muda. Mimi mwenyewe walivyonizoea sasa, nikiingia tu, hivyo wanavyokimbia ndiyo salamu yao."

"Wana adabu sana," anasema shemeji, na kurudi kwenye ukurasa wake.

Mambo yakaenda hivyo mpaka shule ilipompeleka Honi mji mwingine kusimamia mitihani ya udereva. Huko akapiga simu, na mkewe akaiweka mbali na sikio kama kawaida.

"Wametaga," mkewe akamwambia.

"Wamekula?"

"Bado."

Kesho yake, bado. Keshokutwa, bado. Mtahiniwa mmoja alipita taa nyekundu na Honi akampa pongezi. Hakuweza tena kujidanganya kuhusu alichokuwa anakiomba. Kochi, chumba, maneno yake mwenyewe, yote aliyaweka upande mmoja, na upande wa pili akaweka vidoa vile vidogo juu ya chungu, na vidoa vikashinda. Mitihani ilipokwisha, akapanda basi la kurudi roho ikiwa mkononi.

Aliukuta mlango wa chumba umerudishiwa. Akausukuma. Na kweli, dume na jike walikuwa wanaelea ubavu kwa ubavu, na miilini mwao wametapakaa watoto, wadogo kama kope, wakidonoa ute kwenye ngozi ya wazazi wao, ambao ndio maziwa yao. Honi alikuwa ameshaielezea picha hiyo kwa watu wengi. Hakuwahi kuiona.

"WAMETOTOA!" akanguruma.

Jike akawa mweusi hapo hapo. Dume akazunguka mara moja kama aliyepigwa kofi, akafumbua mdomo, na watoto wawili watatu waliokuwa mbele ya mdomo huo hawakuwapo tena.

Shemeji akasimama. Hakupandisha sauti. Aliweka kidole kimoja midomoni na kingine akakielekeza mlangoni.

"Shii."

Ilikuwa shii ya mtu aliyewahi kunyamazisha ukumbi mzima wa wanafunzi wakati wa mitihani. Honi, aliyekuwa akiwapigia kelele madereva wa malori, akatoka kinyumenyume na kuufunga mlango kwa ncha za vidole.

Ukumbini alijikuta katikati ya mabeseni. Mnyonyaji alikuwa amejibandika ubavuni mwa beseni lake, macho kwa Honi, kama mtu anayengoja kuombwa radhi tena ana nafasi ya kutosha.

Mkewe akapita na sare yake ya kazi mkononi. "Hata wodini tunao wanaume kama wewe," akasema kwa upole. "Wanampenda sana mtoto. Tunawapa benchi, nje."

Honi akakaa. Akayatazama mabeseni moja baada ya jingine, na wote aliowahukumu bure. Mwishowe akausogelea mlango na kuugonga kwa ukucha. Ukafunguka ufa.

"Shemeji," akanong'ona. Sauti ilitoka imekwaruza, haijawahi kutumika. "Wangapi wamebaki?"

"Wengi. Dume ametulia, hawali tena."

"Naweza kuingia kidogo?"

Shemeji akamwangalia toka juu hadi chini, kama alivyopimwa yeye siku aliyofika. "Joto unaliweza?"

"Naliweza."

"Kula?"

"Taratibu."

"Mpole?"

Honi akafikiri. "Najifunza," akanong'ona.

"Basi karantini kwanza, shemeji. Kaa hapo na wenzako."

Kabla ufa haujazibwa, aliliona sanduku. Lilikuwa wazi, tupu, limesukumwa chini ya kitanda, na magauni ya shemeji yametundikwa kwenye misumari alikokuwa akitundika nyavu zake. Akataka kusema karibu, akae atakavyo. Akageuka, akachuchumaa karibu na beseni ili ajizoeze kwanza kulisema kwa kunong'ona, akavuta pumzi na kufumbua mdomo.

Mnyonyaji akabanduka, akazama chini.